Kulilaza gari miezi ya baridi kali: liegeshe kavu, usiliamshe kabla ya siku yake

Gari likisimama miezi minne au mitano kwenye majira ya theluji, linaumizwa na unyevu kuliko baridi yenyewe. Baridi hupasua vitu vitatu, na vyote vinaonekana mapema ukivikagua: maji ya rejeta, maji ya kuoshea kioo, na betri isiyo na chaji. Unyevu ndio unaokula diski za breki, kung'ang'aniza klachi, kuharibu petroli na kuotesha kuvu kwenye viti. Kwa hiyo kazi yote ya kulaza gari ina shabaha moja: liingie bandani likiwa kavu ndani na nje, kisha lisipate maji mapya hadi siku ya kuamshwa.

Kikausho kikubwa kuliko vyote ni safari ya mwisho. Kilomita 30 za mwendo wa kawaida hukausha breki, ekzozi, oili na mianya yote ambayo kitambaa hakifiki. Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko wingi wa dawa utakazonunua. Wiki ya mwisho badilisha oili na upime kulanti, yaani maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Siku yenyewe osha gari, tia dawa ya petroli, jaza tangi, endesha, egesha. Ukizima injini siku hiyo, umezima.

Oili na kulanti

Oili iliyotumika ina zaidi ya ule weusi unaouona. Mna petroli ambayo haikuungua, maji, na asidi zitokanazo na moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni. Gari linalotembea kila siku halizipi asidi hizo muda wa kutulia. Likisimama, hukaa juu ya beringi za kranki miezi yote zikilamba chuma taratibu. Badilisha oili na filta hata kama sevisi bado, na uimwage ikiwa ya moto, kwa sababu oili baridi huacha tope chini.

Wengi humwaga oili baada ya kurudi kutoka safari ya mwisho. Tatizo ni kwamba baada ya kutia mpya utalazimika kuwasha injini dakika mbili tatu ili isambae, na dakika hizo zinaingiza maji yale yale uliyotoka kuyakausha. Badilisha kabla. Kilomita 30 haziichafui oili mpya kwa kiasi cha kuumiza kichwa.

Kulanti ndiyo inayoweza kukugharimu injini nzima. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na rejeta au bloku ya injini ikipasuka hakuna mjadala. Glikoli (dawa yenyewe ya kuzuia kuganda) nusu kwa maji nusu, yaani maji yaliyoondolewa madini, hulinda mpaka karibu nyuzi −37 za Selsiasi. Ikiwa glikoli ni theluthi moja tu, kinga inaishia karibu na −18, na huko ndiko gari hufikishwa na mazoea ya kuongeza maji ya bomba kila kiwango kinaposhuka. Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba ikizidi ndivyo bora: glikoli tupu huganda karibu na −13. Usivuke asilimia 60.

Pima kwa hidromita ya kulanti, au kwa rifraktomita ukiipata, ambayo huhitaji tone moja tu. Usitegemee rangi, rangi haionyeshi nguvu ya kulanti. Ukikuta ni dhaifu, punguza kiasi, tia glikoli, halafu endesha mpaka thamostati ifunguke na hita itoe joto. Usipofanya hivyo, mchanganyiko mpya utabaki kwenye rejeta huku bloku ikiwa na maji ya zamani, na kipimo ulichochukua kwenye mdomo wa rejeta kitakuwa kimekudanganya. Fungua mfuniko injini ikiwa imepoa, na futa kila kilichomwagika: glikoli ina ladha tamu, na kiasi kidogo huua paka au mbwa.

Maji ya kuoshea kioo yabadilishe na yale ya majira ya baridi, yasiyoganda, kisha nyunyiza mpaka yatoke kwenye matundu. Kujaza tangi pekee hakusaidii kitu ikiwa mpira na pampu bado vina maji matupu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Kama yamepita miaka miwili, yabadilishe sasa badala ya kuyaacha yakae na maji yake ndani ya silinda za breki.

Siku ya mwisho

Osha gari kwa utulivu, na muda mwingi uutumie chini. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hujificha kwenye kingo za ndani za madigadi, juu ya tangi la mafuta na kwenye maungio ya chasi. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa yenyewe, kwa hiyo gari lenye chumvi haliwezi kukauka kabisa hata likiwekwa ndani. Tena banda lenye joto huliozesha haraka kuliko banda baridi, maana kutu hula haraka zaidi joto linapopanda. Fungua milango na boneti, uondoe majani kwenye mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele na uhakikishe matundu ya kutolea maji chini ya milango hayajaziba. Kinyesi cha ndege kitoe chote, kwani kikikaa miezi kinachimba rangi. Nta ipake gari likiwa kavu; ukikosa muda, ruka nta, usiruke kuosha chini.

Kisha mafuta. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Tangi lililojaa lina hewa kidogo, na hewa ndiyo inayoleta unyevu na oksijeni inayochakaza petroli. Tangi la chuma lililo nusu hupata kutu juu ya mstari wa mafuta. Petroli yenye ethanoli ina shida ya ziada. Ethanoli hunyonya maji, na maji yakizidi, hasa joto linaposhuka, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kutua chini ya tangi, pale pale pampu inapovutia. Injini ikiamshwa hunyonya hayo kwanza. Ukipata petroli isiyo na ethanoli, itumie kwa mjazo huu wa mwisho.

Dawa ya kuhifadhi petroli itie kabla ya kujaza, ili petroli inayoingia iichanganye. Fuata kipimo cha chupa: ikisema mililita 30 kwa lita 10, tangi la lita 50 linataka 150. Baada ya hapo gari lazima litembee, kwa sababu dawa iliyo ndani ya tangi haizilindi nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini mpaka ifike huko. Dawa hiyo huchelewesha kuharibika kwa petroli iliyo mpya. Petroli iliyokwisha kunuka kama rangi ya mafuta haitaifufua.

Gari la kabureta lina hatua moja zaidi. Funga bomba la mafuta kama lipo na uache injini ijizime yenyewe, au legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage kilichomo. Petroli kidogo iliyobaki hapo huvukiza na kuacha gundi ya kahawia inayoziba jeti zenye tundu dogo kuliko sindano.

Dizeli haina gundi hiyo, ila ina nta. Dizeli ya kiangazi huanza kutoa chembe za nta joto likifika karibu na nyuzi 0 au chini kidogo ya hapo, na chembe hizo huziba filta. Maliza dizeli ya kiangazi kabla, ujaze ile ya majira ya baridi, na umwage maji yaliyotuama chini ya filta kwa kulegeza kizibo chake. Maji ndani ya dizeli hulisha bakteria na kuvu, na utando wao ukishaota, filta itaziba tena na tena hata ukiibadilisha.

Sasa endesha. Usikimbilie nyumbani sindano ya joto ikifika katikati, maana oili huchelewa kupata moto kuliko kulanti. Dakika 30 ndizo kipimo kizuri. Zima kiyoyozi kilomita chache kabla ya kufika ili sehemu yake ya baridi ikauke, la sivyo harufu ya soksi mbichi itakusubiri. Mwishoni kanyaga breki mara tano au sita kwa nguvu ya wastani ili diski zipate joto, kisha tembea kidogo bila kuzigusa.

Kuegesha

Usivute breki ya mkono. Pedi za breki zikibanwa kwenye diski yenye unyevu hushikana nayo kwa kutu, na kwenye breki za ngoma mshiko huo unaweza kung'oa bitana, yaani utando wa kusugua wa breki, siku ya kuondoka. Weka gia ya kwanza, au P kwa otomatiki, na uzuie matairi kwa vigingi mbele na nyuma. Magari yenye breki ya mkono ya umeme mengi hujifunga yenyewe ukizima. Kitabu cha gari kinaeleza jinsi ya kulizuia hilo, na ni lazima ulifanye kabla ya kukata betri, maana bila umeme breki hiyo haifunguki.

Matairi hupoteza upepo kwa njia mbili. Mpira wenyewe huvujisha kama psi 1 au 2 kwa mwezi, na baridi hukunja hewa iliyobaki: tairi lililojazwa psi 32 kwenye nyuzi 20 litasoma karibu 27 kwenye −10 hata kama halivuji kabisa. Jaza psi 7 hadi 10 zaidi ya kawaida, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lililokosa upepo hubonyea linapogusa chini, na mbonyeo ukikaa miezi huwa kama tairi limezaliwa nao. Sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu kila mwezi kwa kulisukuma kwa mkono. Karatasi yenye tarehe kwenye dashibodi husaidia kukumbuka.

Wengine hupandisha gari lote kwenye stendi. Kwa miezi mitano haina haja. Ukiamua kufanya hivyo, weka stendi chini ya mikono ya sospensheni au eksi ili uzito ubaki kwenye springi. Gari likining'inia kwa bodi, bushi za mpira hukaa zimejisokota kwa pembe ambayo hazikuundwa kuivumilia.

Klachi ya gia za mkono inaweza kung'ang'ania kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini inaloshikana nalo) penye unyevu mwingi. Kipande cha mbao kati ya pedali na kiti huiweka wazi. Kama banda ni kavu, usijisumbue.

Betri

Hapa ndipo magari mengi yaliyolala hushindwa kuamka, na hesabu yake ni rahisi. Alamu, kompyuta na kipokezi cha funguo hunywa umeme gari likiwa limezimwa. Tuseme ni miliampea 50: kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 inakauka kabla ya siku 50. Betri iliyojaa haigandi hata chini ya nyuzi −50, kwa kuwa asidi yake ni kali. Ikiisha chaji, kilichobaki ndani ni karibu na maji, nayo huganda kati ya −7 na −10 na kupasua kasha. Hata isipoganda, betri ya risasi iliyoachwa tupu huota fuwele ngumu za salfeti kwenye bamba zake, na chaja ya kawaida haiziondoi.

Suluhisho bora ni chaja ndogo ya kutunza, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, iliyochomekwa muda wote. Chaja ya zamani isiyojikata usiiache imechomekwa. Itachemsha maji ya betri mpaka bamba zibaki wazi. Kama hakuna umeme, jaza betri, ikate na uihamishie mahali pakavu penye ubaridi, uichaji tena kila baada ya wiki sita hivi. Baada ya kupumzika saa kadhaa, volti 12.6 hadi 12.7 ni betri iliyojaa. Ikishuka hadi 12.4 ichaji, na 12.0 ni karibu tupu. Betri ya lithiamu isichajiwe chini ya nyuzi 0.

Kabla ya kugusa spana, tafuta msimbo wa redio kama gari lako linauhitaji, na hakikisha funguo ya chuma inafungua mlango. Kama betri iko kwenye buti na buti hufunguka kwa umeme tu, usilibane hadi mwisho. Fungua waya wa hasi kwanza. Bodi nzima ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo, na cheche zake zinaweza kulipua gesi ya hidrojeni iliyo juu ya betri. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Gari la umeme hulazwa betri kubwa ikiwa karibu asilimia 50, au kiwango kinachotajwa na kitabu chake. Hata hilo lina betri ndogo ya volti 12, na hiyo nayo hufa.

Panya, turubai, banda

Panya huingia kwa ajili ya joto la sponji na hutafuna waya wakiwa humo. Toa makombo yote, hata yaliyo chini ya reli za viti. Ziba mdomo wa ekzozi na tundu la kuvutia hewa kwa wavu wa chuma, kisha funga kwenye usukani karatasi yenye orodha ya ulivyoziba. Wavu uliosahaulika ukivutwa kuelekea filta ya hewa ni hasara ya kijinga. Tega mitego kuzunguka gari. Sumu usitumie: panya aliyeila hufia ndani ya mifereji ya hewa, na harufu hiyo utaishi nayo mwaka mzima.

Ndani ya gari weka chombo cha kunyonya unyevu, kiwe kwenye beseni kama ni cha kloridi ya kalsiamu, maana maji yake ya chumvi yakimwagika hula zulia na chuma cha sakafu. Turubai la nailoni au plastiki ni adui aliyevaa nguo za rafiki: mvuke kutoka ardhini hupanda, hunaswa na kudondoka juu ya rangi. Tumia kitambaa kinachopumua, na kama sakafu ni udongo tandika nailoni nzito chini ya gari.

Banda lenyewe likikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu, kutu haina nguvu. Jihadhari na siku moja ya joto baada ya wiki za baridi kali. Milango ikifunguliwa siku hiyo, hewa yenye mvuke inakutana na tani nzima ya chuma baridi, na gari linatoka jasho kuanzia diski za breki hadi ndani ya boneti. Siku kama hiyo banda lifungwe.

Kishawishi cha kuliwasha kila wiki

Ushauri wa kuwasha injini dakika 10 kila Jumamosi unasikika wa busara, lakini unafuta kazi yote. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, kwani hidrojeni ya petroli inaungana na oksijeni ya hewa. Injini ya moto huyatoa kama mvuke. Injini baridi huyaacha kwenye ekzozi, kwenye kuta za silinda na ndani ya oili. Yale matone yanayodondoka mdomoni mwa ekzozi asubuhi ya baridi ni sehemu ndogo tu. Chini ya mfuniko wa oili utakuta povu la rangi ya maziwa. Dakika hizo hazitoshi hata kuijaza betri, na moshi wake ndani ya banda lililofungwa una monoksidi ya kaboni, inayoua bila harufu. Ama uendeshe kilomita 20 kamili kwenye barabara isiyo na chumvi, ama usiguse funguo.

Siku ya kuliamsha

Anza na karatasi ya usukani: ondoa nyavu, fungua kasha la filta ya hewa uangalie kama kuna kiota, na uchungulie waya juu ya injini. Angalia chini kama kuna kilichovuja, pima oili, kulanti na mafuta ya breki, rudisha upepo wa matairi kwenye kiwango cha kawaida, rudisha betri iliyojaa. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa. Ikizama mpaka chini, gari halitoki.

Oili imeshuka yote chini, kwa hiyo zungusha injini kidogo bila kuiwasha. Kwa magari mengi ya petroli ya nozeli, ukikanyaga mafuta hadi mwisho kompyuta hukata petroli. Zungusha stata sekunde 5, pumzika, rudia. Kama lako halina hilo, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Kisha washa, na taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima mara moja.

Gurudumu likiwa limeng'ang'ania, lisukume gari kwa upole mbele na nyuma, au gonga ngoma kwa nyundo ya mpira. Kukanyaga mafuta kwa nguvu ndiko kunakong'oa bitana. Klachi iliyoshikana huachia mara nyingi injini ikipata moto, gari likiwa kwenye gia, klachi imekanyagwa na breki ikiguswaguswa mahali penye nafasi. Kutu nyepesi ya diski hufutika kwa breki chache za taratibu. Mtetemo wa matairi yaliyobonyea hupungua ndani ya kilomita 20 au 30. Ukibaki baada ya hapo, tairi hilo halirudi tena. Taa za dashibodi zikiwaka kwa sababu betri ilikatwa, geuza usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia na upandishe vioo vya madirisha mpaka juu, ukishikilia swichi sekunde kadhaa. Petroli mpya itie tangi likifika nusu, na usilipeleke gari safari ndefu kabla ya tangi hilo kuisha.